Hewa ndo inasukuma gari: turbo na NA, mtu wa Arusha na mtu wa Dar

Haya ni maneno niliyoongea kwenye mkutano wetu wa wapenda magari hapa Arusha, wengi mliomba niyaandike kwa ajili ya waliokosa kuja, nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu mambo vipi, na nyie mafundi mliofunga gereji mapema siku ya Jumamosi mkaja kukaa hapa, asanteni sana, najua Jumamosi ndo siku ya kazi kwenu.

Mada niliyopewa mnaijua, tukikaa watu watatu wa magari lazima iibuke. Gari la mwendo liwe na turbo, kile kifaa cha kushindilia hewa kwenye injini, au liwe NA, yaani injini inayovuta hewa yenyewe bila kusaidiwa na kitu. Na kawaida yetu tunabishana kwa majina, huyu Forester XT, huyu Altezza, huyu Mark X, saa mbili zinapita hakuna aliyemuelewa mwenzake. Leo naomba majina yasubiri kidogo tuanze na hewa yenyewe, maana kila kitu nitakachosema hapa kinatoka kwenye hewa.

Injini ya petroli inachoma hewa na mafuta kwa kipimo, uzito wa hewa 14.7 kwa petroli 1. Sasa petroli haisumbui, pampu inaleta kiasi chochote unachotaka. Hewa ndo ngumu kuipata. Kwenye injini ya NA pistoni ikishuka inaacha nafasi kwenye silinda, na kinachosukuma hewa iingie mle ndani ni uzito wa anga tu, presha ya bar 1 hivi ukiwa usawa wa bahari, basi, hakuna msaada mwingine. Kwahiyo injini ya lita 2 inapata hewa ya lita 2, ikitengenezwa vizuri sana inapata zaidi kidogo kwa sababu hewa inayokimbia kwenye manifodi, yale mabomba ya kuingizia hewa kwenye silinda, ina kasi yake na inaendelea kujisukuma kuingia hata pistoni ikishaanza kupanda. Ndo maana NA ina dari lake kwenye toki, ile nguvu ya kusokota krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Kila lita inakupa Nm 100 hivi, ukiwa bingwa wa dunia unafika 120. Ferrari 458 Italia ni lita 4.5, toki yake Nm 540, piga hesabu, ni 120 kwa lita. Porsche 911 GT3 ya 2021 lita 4.0, Nm 470, hapohapo 117. Hao ndo wenye akili na pesa zote, na dari limewashika.

Turbo inavunja hilo dari. Moshi unaotoka kwenye injini una nguvu na joto ambalo kwenye NA linaishia hewani, turbo inaukamata ule moshi uzungushe gurudumu dogo, na gurudumu hilo limefungwa shafti moja na lingine upande wa pili linaloshindilia hewa safi kwenda kwenye silinda. Jiko la mkaa ukilipepea linawaka zaidi na mkaa ni uleule, ndo hivyo. Mswisi anaitwa Alfred Büchi alichukua patenti ya wazo hili mwaka 1905, kwahiyo wala sio jambo la vijana.

Sasa turudi kwenye majina, chukueni injini mbili za ukoo mmoja ambazo zote zinapita mitaani kwetu, 3S za Toyota. Zote lita 2, silinda nne, upana wa silinda milimita 86 na mwendo wa pistoni milimita 86. 3S-GE ya Altezza ya gia za mkono inatoa nguvu ya farasi 210 kwenye RPM 7,600, yaani krenki ikizunguka mara 7,600 kwa dakika, toki Nm 216. 3S-GTE ya Caldina GT-T ina turbo, inatoa farasi 260 kwenye RPM 6,200, toki Nm 324. Angalieni toki kwanza, 216 kwa 324, ni mara moja na nusu. Lakini farasi hazijaongezeka mara moja na nusu, zimeongezeka kama robo tu. Kwanini? Kwa sababu farasi ni toki ukizidisha na mizunguko, na Altezza imefidia upungufu wake wa hewa kwa kuzunguka haraka, inavuta kidogokidogo mara nyingi.

Hapo ndo moyo wa maneno yangu ya leo ulipo, kila farasi ina bei yake. NA inalipa kwa mizunguko, turbo inalipa kwa joto. Ukishajua hivyo, swali linalobaki ni wewe unaishi wapi na bei ipi kwako ni rahisi kuilipa, na nitawaonyesha kwamba mtu wa Arusha na mtu wa Dar hawatakiwi kutoa jibu moja.

Tuanze na bei ya mizunguko. Honda ndo waliilipa kwa moyo kuliko wote kwenye magari ya watu wa kawaida. Civic Type R ya kwanza, EK9 ya 1997, lita 1.6 tu, farasi 185 kwenye RPM 8,200, na toki yake Nm 160, toki ambayo gari la familia la lita 1.8 linayo. Halafu 1999 wakaja na S2000, lita 2, farasi 250 zile za Japani, mstari mwekundu, yaani mwisho wa mizunguko inayoruhusiwa, kwenye 9,000. Hebu fikirieni RPM 9,000 maana yake nini, krenki inazunguka mara 150 kwa sekunde moja, na pistoni ya S2000 inasafiri milimita 84 kwenda na 84 kurudi kila mzunguko, ukipiga hesabu ni wastani wa mita 25 kwa sekunde, na kila ikifika juu inasimama kabisa na kugeuka. Pistoni inataka kuendelea kwenda juu itoboe kichwa cha injini, kinachoizuia ni koneksheni rodi, chuma kinachoiunganisha na krenki, na boliti zake. Kwahiyo kila kitu lazima kiwe chepesi na imara kwa wakati mmoja, springi za valvu ziwe kali ili valvu zisielee, oili ifike kila mahali. Na kuna tatizo la pili, kamshafti, shafti inayofungua valvu, ukiweka inayofaa RPM 8,000 inafanya injini ikohoe ukiwa kwenye 2,000, ndo Honda wakaweka VTEC, kam mbili za tabia tofauti kwenye shafti moja, ukifika juu injini inahama kutoka ya upole kwenda ya ukali. Watu wanaichukulia VTEC kama stika ya kubandika mlangoni, mimi naiheshimu kama moja ya kazi safi kabisa zilizowahi kufanywa kwenye injini ya bei ya kawaida.

Juu kabisa ya njia hii wapo akina Lexus LFA, V10 ya lita 4.8 waliyoitengeneza na Yamaha, ikitoka kuunguruma tu bila kukanyagwa mpaka 9,000 inatumia sekunde 0.6, mshale wa kawaida wa dashibodi haukuweza kuifuata wakaweka skrini. Magari 500 tu yalitengenezwa, 2010 mpaka 2012. Mimi sauti ya hilo gari naisikiliza mpaka leo na bado nywele zinanisimama.

Bei ya joto sasa, na hapa mafundi mnisaidie kutikisa kichwa maana mnayaona kila wiki. Moshi unaoingia kwenye turbo ya petroli ukiwa umekanyaga unapita digrii 900. Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwenye turbo nyingi hizi za kwetu haina beringi ya gololi, inaelea juu ya oili tu, utando mwembamba wa oili ndo unaizuia isisage. Halafu hewa yenyewe ukiishindilia inapata moto, ukichukua hewa ya digrii 30 ukaishindilia mara mbili inatoka kwenye turbo imepita digrii 100, na hewa ya moto ni nyepesi, yaani umefanya kazi ya kuibana halafu joto linakunyang'anya sehemu ya ulichobana. Ndo maana kuna intakula, rejeta ya hewa, kuipoza kabla haijaingia.

Na joto hilohilo likiingia kwenye silinda linaleta noki, mafuta yanawaka yenyewe kabla ya wakati au kwa mpasuko, pistoni inapigwa nyundo. Ndo maana watengenezaji wanashusha kompresheni, yaani pistoni inavyobana hewa na mafuta ndani ya silinda, kwenye injini za turbo, 3S-GE ya Altezza ina 11.5 kwa 1, 3S-GTE ya Celica GT-Four ya ST205 ina 8.5. Na Wajapani walizipangia hizi gari petroli yao ya haioku, oktani, yaani kipimo cha petroli kuhimili noki, karibu 100. Sisi tunazileta hapa tunazimwagia petroli ya kawaida ya oktani ya chini halafu mtu anashangaa ringi zimevunjika.

Sasa nije kwenye hewa yetu, na hii ndo sehemu niliyotaka sana kuja kuisema.

Arusha tuko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Presha ya hewa hapa ni kama bar 0.85. Maana yake kila injini ya NA iliyoegeshwa hapo nje, iwe Mark X iwe Altezza iwe Crown, imepoteza asilimia 15 ya hewa yake kabla haijawashwa, hata kama ni mpya na imetunzwa kama yai. Gari la farasi 200 linabaki na 170 hivi. Kuna kidogo tunarudishiwa kwa sababu hewa yetu ni ya baridi, na baridi inaongeza uzito wa hewa, lakini haifidii yote. Wenzetu wa Mbeya wako juu zaidi, mita 1,700, Nairobi vilevile. Mnaosafiri kwenda Dar mnalijua hili mwilini hata kama hamjawahi kulipigia hesabu, ukishuka Moshi, ukapita Same, ukakaribia Korogwe, gari linaanza kuitika kuliko ulivyolizoea. Watu wanasema ni barabara tambarare, au petroli ya huko ni nzuri, mimi nawaambia ni hewa.

Turbo hapa juu inafanya nini? Kontroboksi, kompyuta ya injini, inataka presha fulani kwenye manifodi, kipimo kikisema haijafika, westigeti, kile kilango kinachopitisha moshi pembeni ya turbo, inakaa imefungwa kidogo zaidi, turbo inazunguka kwa kasi zaidi mpaka presha ipatikane. Haipatikani bure, turbo inachoka zaidi na inapata joto zaidi, na zile za zamani zenye westigeti ya springi tu zinapoteza kidogo, lakini ukiziweka pembeni kwa pembeni, turbo ya Dar na turbo ya Arusha zinakaribiana, wakati NA ya Dar na NA ya Arusha ni kama gari mbili tofauti.

Ushahidi wa hili umeandikwa kwenye historia na kwenye bara letu. Mwaka 1977 Renault walipeleka gari la turbo Formula 1, lita 1.5 dhidi ya NA za lita 3, nusu kabisa. Lilikuwa linaharibika kila mara, linatoa moshi mweupe mpaka Waingereza wakaliita birika la njano. Sasa mnajua lilipata wapi nafasi yake ya kwanza kabisa ya kuanza mbele? Kyalami, Afrika Kusini, 1979, kiwanja kilicho mita kama 1,500 juu ya bahari karibu na Johannesburg, Jean-Pierre Jabouille akaendesha. Ushindi wa kwanza walikuja kuupata kwao Ufaransa, Dijon, mwaka huohuo, lakini 1980 René Arnoux akashinda Kyalami, 1982 Alain Prost akashinda Kyalami, zote Renault za turbo. Pale juu NA za wenzao zilikuwa zinahema na turbo inajitengenezea hewa ya pwani.

Na majirani zetu hapa, Safari Rally. Shekhar Mehta alishinda mara nne mfululizo 1979 mpaka 1982 na Datsun za NA, gari ngumu na dereva anayejua nchi, na 1983 Ari Vatanen akachukua na Opel Ascona 400, NA pia. 1984 Björn Waldegård akaja na Toyota Celica Twin Cam Turbo akashinda, na kuanzia hapo mpaka 2002 kila aliyeshinda Safari alikuwa na turbo, Celica, Audi, Lancia, Lancer, Impreza, Focus, hakuna hata mwaka mmoja NA iliyopenya. Sisemi ni turbo peke yake, magari yenyewe yalikuwa yamebadilika, mengi yanavuta magurudumu manne, lakini barabara za Kenya za mita 2,000 na zaidi haziwezi kuwa hazina mkono kwenye hilo.

Na kuna moja ambalo kila Mwafrika Mashariki anayependa magari anatakiwa alijue. 1993 Subaru walileta Vivio kwenye Safari. Vivio! Kigari cha cc 658, silinda nne, kina supachaja, yaani kishindilia hewa kinachozungushwa na mkanda kutoka kwenye krenki badala ya moshi. Colin McRae alikuwa na kimoja akaishia njiani. Patrick Njiru wa Kenya akakifikisha mwisho, nafasi ya 12 kwa wote na wa kwanza kwenye daraja lake. Injini ndogo kuliko za pikipiki nyingi za wazungu, kwenye Safari ya zamani, ile ya kuvunja springi na mioyo. Bila ya kushindiliwa hewa kigari kile kingepanda vipi milima ile sijui nani angekisukuma.

Haya, tushuke pwani. Dar hewa ni nzito, bar 1 kamili, NA yako inapata kila ilichoahidiwa na kiwanda, ukitoa kidogo kwa ajili ya joto na ule unyevu, maana mvuke wa maji unachukua nafasi ya oksijeni. Lakini turbo Dar inateseka. Subaru nyingi za turbo intakula yake imelala juu ya injini, inapata upepo kupitia lile tundu la boneti, sasa kaa kwenye foleni ya Mwenge saa kumi jioni, upepo hakuna, chini kuna injini inachemka, juu kuna jua, intakula inageuka jiko, na foleni ikifunguka ukikanyaga unaingiza hewa ya moto kwenye silinda zenye petroli ambayo haikupangiwa hiyo kazi. Kontroboksi ikiwa nzima inachelewesha moto ili kuzuia noki, unapoteza nguvu. Ikiwa imechezewa, unapoteza injini.

Kwahiyo mimi ndugu zangu wa Dar wakiniuliza, namwambia mtu chukua NA nzuri kubwa kidogo, lita 2.5 au 3, itakutumikia na utaifurahia kila siku. Ndugu zangu wa Arusha, Mbeya, Njombe, mkiwa na uwezo wa kuitunza, turbo ndo inaelewa milima yetu. Najua wapo watakaobisha kwamba Forester ngapi za turbo ziko Dar zinatembea, ni kweli zinatembea, zinatembea kwa wenye nidhamu ya oili.

Sasa niseme la moyoni, maana nimewasifia turbo mtadhani nimehama. Mimi ni mtu wa NA. Na sababu yangu ni mguu wa kulia. Kwenye NA nzuri ukigusa mafuta milimita mbili, gari linajibu milimita mbili, sasa hivi. Kwenye turbo unaomba, moshi uongezeke, gurudumu lichukue kasi, presha ipande, halafu unapewa, na pengine unapewa zaidi ya ulichoomba. Porsche 911 Turbo ya 1975 ilikuwa na farasi 260 na turbo moja kubwa, uzito uko nyuma, ukiingia kona unakanyaga hakuna kitu, katikati ya kona nguvu inakuja yote kwa mpigo, ukishtuka ukaachia mafuta mkia unatangulia. Ilijijengea jina la kutisha na ililistahili.

Miaka yote tangu hapo wahandisi wanapigana na huko kuchelewa. Toyota kwenye 2JZ-GTE ya Supra wakaweka turbo mbili zinazopokezana, moja inaanza chini, ya pili inajiunga juu. Lancia kwenye Delta S4 ya 1985 wakaweka vyote viwili, supachaja ya kusukuma chini na turbo ya kumalizia juu, injini ya lita 1.8 tu. Watu wa rali wakaja na anti-lagi, wanachoma mafuta kwenye eksozi makusudi ili turbo isipoe dereva anapoachia, ile milio ya risasi mnayoisikia. Gharama yake ni turbo zenyewe, timu ya kiwanda inabadilisha tu, wewe na mimi hatubadilishi tu, kwahiyo kijana anayeniomba nimuwekee hiyo milio kwenye gari la kwenda kazini namkatalia.

Na walifika mbali kweli. Ferrari 458 ya NA ilikuwa farasi 570 kwenye 9,000. Iliyoifuata 2015, 488 GTB, lita 3.9 turbo mbili, farasi 670 kwenye 8,000, toki Nm 760 kwenye RPM 3,000 tu. Lakini sikilizeni walichofanya, hizo Nm 760 zote unazipata gia ya 7 peke yake, gia za chini kompyuta inapunguza toki na kuipandisha taratibu kadri mizunguko inavyopanda. Yaani Ferrari wameshapata toki bure tangu chini, halafu wanaificha makusudi ili dereva ahisi kama yuko kwenye NA, ahisi kuna kitu cha kukifuata huko juu. Kwa saa ya mkononi 488 inaiacha 458 kila mahali, na bado watu wanaitafuta 458. Mimi ninawaelewa kabisa.

Ubishi huu ni wa zamani kuliko babu zetu wengi. W. O. Bentley mwenyewe, mwanzilishi wa kampuni ya Bentley, hakutaka supachaja kwenye injini zake, akitaka nguvu anaongeza ukubwa wa injini. Dereva wake Tim Birkin akalazimisha, akatafuta fedha, 1929 ikatoka Bentley Blower ya lita 4.5, gari maarufu kuliko zote za kampuni ile. Ila zilizoshinda mbio za saa 24 za Le Mans 1929 na 1930 ni Speed Six, lita 6.5, NA. Blower haikuwahi kushinda Le Mans.

Na mbele huko kuna jambo linanifurahisha sana. Bugatti, wale wa Veyron ya 2005 yenye turbo nne na farasi 1,001, watu ambao turbo ndo ilikuwa jina lao, 2024 wametangaza Tourbillon, V16 ya lita 8.3, haina turbo hata moja, inapanda mpaka 9,000, farasi 1,000 za injini na 800 za mota za umeme. Mota ya umeme inatoa toki yake kuanzia sifuri, haisubiri moshi, kwahiyo ile kazi ya chini ambayo turbo ilikuwa inaifanya imepata mtu mwingine, injini imeachiwa ikimbie juu inavyopenda. Lamborghini mwaka huohuo wakaenda njia nyingine, Temerario imechukua nafasi ya Huracán ya V10 NA, V8 turbo mbili inayofika RPM 10,000, umeme unaziba pengo turbo zikiwa bado zinaamka. Turbo inayozunguka kama NA, na NA yenye toki ya chini kama turbo. Hizi gari hatutazinunua, lakini ya leo kwa matajiri ndo mtumba wa watoto wetu.

Nimalizie na mambo ya gereji, hapa naomba mnivumilie nikipandisha sauti maana yananiuma.

La kwanza ni kung'oa turbo. Mtu turbo imekufa, anaambiwa mpya ni ghali, fundi anamwambia tuitoe tu tuziunganishe bomba itatembea kama NA. Haitembei kama NA! NA ina kompresheni 10 au 11, yako ina 8 na kitu, kamshafti zake sio, kontroboksi inasubiri presha ambayo haiji. Umepata injini dhaifu kuliko zote mbili, inakula mafuta na haiwezi kupanda Kijenge na abiria wanne. Kama turbo imekushinda, uza hilo gari, nunua NA iliyozaliwa NA.

La pili ni kinyume chake, kufunga turbo kwenye injini ya NA bila kugusa kitu kingine. Kompresheni ya juu, petroli yetu, joto letu, nozeli za mafuta zilezile. Inavuta wiki mbili, video zinapigwa, halafu pistoni inatoboka.

La tatu ni kijana anayepandisha busti, ile presha ya turbo, kwa sababu ameona mtandaoni. Busti ikipanda mafuta lazima yapande na muda wa moto urudi nyuma, na hayo yanapimwa kwa vifaa, hayasikilizwi kwa sikio. Kama hakuna wa kukupimia mchanganyiko wa hewa na mafuta, acha kama kiwanda kilivyoacha.

Na oili. Injini ya turbo oili yake inapita mahali pa moto kuliko mahali popote, ukiichelewesha inaungua inakuwa mkaa kwenye njia nyembamba za turbo na shafti inakauka. Kilomita 5,000, oili halisi, filta halisi. Ukitoka safari ndefu umekanyaga, kilomita za mwisho endesha taratibu kabla ya kuzima, ukishindwa basi iache ikiunguruma dakika moja au mbili, zile turbo taima zilizokuja kwenye Subaru kutoka Japani ziliwekwa kwa kazi hiyohiyo.

Kuna kaka pale nyuma amenyoosha mkono tangu nizungumzie Forester. Anauliza anaenda kununua XT iliyotumika, aangalie nini. Kaka, nenda asubuhi, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, weka mkono kwenye injini uhakikishe ni ya baridi. Iwashwe wewe ukiwa nyuma, moshi wa bluu ukitoka na kuendelea kutoka, oili inapita mahali isipotakiwa. Toa bomba la hewa linaloingia kwenye turbo, shika ncha ya shafti, ikicheza kidogo sana kwenda pembeni ni kawaida kwa sababu inaelea kwenye oili, ikienda mbele na nyuma, au mapanga yakigusa ganda, hiyo turbo imekwisha. Chungulia bomba la intakula, utando wa oili upo kwenye nyingi, ila oili ikiwa imetuama ujue sili zimeshaachia. Halafu lipia fundi apime kompresheni ya silinda zote nne, usimtumie fundi wa muuzaji, na silinda moja ikiwa chini ya wenzake sana hiyo hela rudi nayo nyumbani.

Dada wa mbele hapa naye alikuwa na swali la Altezza, karibu dada.